Misheni ya Bagamoyo: nenda, ila usiishie kwenye mnara wa Livingstone

Watu wa Dar mnaolalamika kila wikiendi hamna pa kwenda zaidi ya bichi, nendeni Misheni ya Bagamoyo aisee, ni kama kilomita 70 tu, gari mnapanda Makumbusho na mkishuka stendi mnachukua boda au bajaji. Patana bei kabla hujapanda, mimi wa kwangu alinipiga bei ya mtalii halafu akataka na kunitembeza huko ndani wakati wenyeji wa pale wanaojua historia wapo.

Unaingia kwa njia ya miembe mikubwa ya zamani, mbele ndo unaliona kanisa. Hili kubwa lilijengwa 1910 hadi 1914 enzi za Mjerumani, ila misheni yenyewe ilianzishwa 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa waliovuka toka Zanzibar, yaani Mjerumani hata mguu hajatia. Ndani dari iko juu, matao mazuri, na ukitoka kwenye lile jua la Bagamoyo utatamani ukae tu kwenye benchi. Jumapili asubuhi ni misa, kama umeenda kupiga picha subiri waumini wamalize, na vaa kiheshima bwana, kaptura za ufukweni ziache hotelini.

Sasa wengi wanakimbilia kile kimnara cha kanisa la kwanza la 1872, wanakiita mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, sababu mwili wake ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza (Mprotestanti kalazwa kwa Wakatoliki, hapo huwa nacheka). Sawa, piga picha. Ila mi kiukweli nilikuwa nawawaza watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao, wametembea miezi na maiti kutoka Chitambo, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500, halafu siku ya mazishi kanisani Westminster, London, hao wawili hawakuwepo.

Makumbusho ndo yamenishika zaidi, yako kwenye nyumba ya zamani ya masista. Kuna minyororo ya watumwa pale, unaiangalia hivi unajikuta umeshika shingo yako mwenyewe. Misheni ilikuwa inawakomboa watumwa kwa kuwanunua, watoto wengi tu, ikawajengea na kijiji. Muulize mwongozaji maisha yao humo yalikuwaje, maana uhuru wenyewe ulikuwa wa kengele, sala na jembe, na hilo watu hawaulizi, wanauliza Livingstone tu.

Usiruke makaburi ya wamisionari. Soma tarehe za kuzaliwa na kufa ufanye hesabu, vijana wadogo kabisa, malaria ilikuwa inawapukutisha. Na mbuyu je, wanasema mama mmoja wa Kifaransa alifungia punda wake kwa mnyororo, mnyororo ukabaki, mti ukaumeza, sasa hivi kimebaki kipande kidogo tu kinachungulia kwenye gome.

Kiingilio lipa keshi, wabongo na wageni bei tofauti. Beba maji, tenga kama masaa mawili, na kama una watoto waanzishie kwenye mbuyu la sivyo makumbusho watakusumbua. Nyota nne na nusu kutoka kwangu, ile nusu nimeibania kwa joto.