TAHADHARI: Broka wa Toyota 110 wa Nakuru anauza magari yaliyofichwa ugonjwa wa injini

Wenzangu wa Nakuru, Kericho, Kisumu hadi Kakamega, msitume hata shilingi ya kushikiwa gari kabla hamjasoma hii. Kuna broka anauza Toyota Corolla 110 kuukuu zenye injini ya petroli ya silinda nne iitwayo 5A-FE. Jina lake sitaliandika kwa sababu mambo yanaelekea polisi, ila mbinu yake naianika yote. Amemuumiza mjomba wangu.

Mjomba si mtu wa kudanganywa ovyo. Alifika yadi asubuhi akakuta gari linanguruma tayari, "nimetoka kuliosha sasa hivi, mzee wangu." Boneti ilifunguliwa hata kabla hajaomba. Yule broka akachukua bilauri ya maji akaiweka juu ya kifuniko cha injini, akarudi nyuma hatua mbili, akanyamaza. Maji yakatulia. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ulikuwa umesimama kwenye 1,200, hausogei kabisa. Mjomba akauliza, mbona iko juu hivyo? Akajibiwa kwa upole, "Huku kwetu ni mlimani, kuna baridi. Injini zote za Nakuru hukaa hapo." Fundi aliyekuwa kando akaitikia kwa kichwa, na kumbe fundi ni wake. Mtu amekufungulia boneti mwenyewe, logibuku iko mkononi, anakuita mzee wangu, chai imeshaagizwa. Ungemwambia nini? Na Nakuru kweli iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi kweli. Uongo ulipakwa juu ya ukweli ndiyo maana ukapita.

Sasa sikilizeni. 5A-FE iliyopata moto, AC ikiwa imezimwa na mguu hauko kwenye mafuta, hukaa karibu 750 hadi 800, iwe Nakuru iwe Kisumu. Kompyuta ya injini ndiyo inayopanga mizunguko hiyo, haiulizi mlima. Kinachobadilika na mwinuko ni mvuto wa hewa kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa: kila ukipanda karibu mita 300, geji ya mvuto hupungua takriban inchi moja ya zebaki. Na hiyo bilauri haithibitishi kitu, kwa sababu karibu injini yoyote ya silinda nne hutulia zaidi kwenye 1,200 kuliko kwenye 750. Anajua hivyo, ndiyo maana anaibeba.

Gari lilipofunguliwa hapa Kisumu tulikuta hivi. Mpira wa mvuto unaokwenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachotumia mvuto huo kulainisha pedali, umepasuka na kufungwa tepu ya umeme. Chini ya throto bodi, mlango wa hewa ya injini, kati yake na vali ya hewa ya kusimama, ile inayopanga hewa wakati mguu hauko kwenye mafuta, kumewekwa kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi na kupakwa silikoni. Na skrubu inayozuia kipepeo cha throto, yaani kibati kinachofungua na kufunga mlango huo, ile ambayo kiwandani hufungwa kwa rangi isiguswe, rangi yake imevunjwa na nyuzi zinang'aa.

Ugonjwa wenyewe ni rahisi. Hewa inaingia kupitia mpira uliopasuka. 5A-FE hupima mgandamizo wa manifoldi, kwa hiyo kompyuta inaiona hewa hiyo na kuilisha petroli, mizunguko inapanda. Lakini ndani ya sensa ya throto, inayoiambia kompyuta kipepeo kimefunguka kiasi gani, kuna swichi ya IDL inayosema mguu hauko kwenye mafuta. Mizunguko ikipita kiwango huku IDL imefunga, kompyuta inadhani gari linateremka mlima, inakata petroli. Mizunguko inaanguka, petroli inarudi, inapanda tena. Hapo ndipo mshale unacheza juu chini bila kukoma.

Fundi mwaminifu angebadilisha mpira ule, mambo yakaisha. Huyu alizungusha skrubu mpaka kipepeo kikainuka kidogo na IDL ikaachia. Sasa kompyuta inaamini kuna mguu kwenye mafuta, haikati petroli, haipangi tena mzunguko wa kusimama. Bati likapunguza hewa iliyozidi. Mshale ukatulia na gari likauzwa. Mpira ukabaki umepasuka, na huo ndio unaosaidia breki! Mjomba aliteremka kutoka Kericho hadi Awasi na pedali ngumu kama jiwe. Alipofika Kondele kwenye msongamano akawasha AC, gari likazima katikati ya barabara, matatu zikimpigia honi. Mtu anayeziba ugonjwa wa breki kwa tepu ili apate kamisheni anastahili korokoro, si kuonywa.

Dalili? Gari likiwa limeshawashwa unapofika, gusa rejeta. Ikiwa ya moto rudi kesho, au mwambie alizime mpaka lipoe. Likiwashwa baridi lipande juu ya 1,000 kisha lishuke lenyewe polepole linavyopata moto. Likishapata moto washa AC, taa kubwa, zungusha usukani: mizunguko iyumbe kidogo irudi. Ikianguka na kutetemeka, vali ya hewa haifanyi kazi. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, washa. Pedali lazima izame kidogo. Taa ya injini iwake ufunguo ukifunguliwa, isipowaka, balbu imetolewa au imeungua. Kwenye 110 unaweza pia kutoa bomba la hewa mbele ya throto injini ikinguruma, halafu uzibe kwa kidole tundu dogo lililo mbele ya kipepeo. Mizunguko isiposhuka, njia imezibwa.

Na hili ndilo la kumfunga mdomo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti. Unganisha matundu yake mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, gia kwenye P, AC imezimwa, usiguse mafuta. Taa ya injini ikipepesa haraka bila kukatika, hakuna hitilafu iliyorekodiwa. Ikipepesa tano, ikapumzika, kisha moja, hiyo ni 51: IDL haijafunga wakati mguu hauko kwenye mafuta. Mwulize nani amegusa skrubu.

Mlioshanunua kwake, msimruhusu fundi yeyote aanze na skrubu. Kwanza mpira wa busta na ule wa kupumulia injini, halafu toa bati, osha vali ya hewa kwa kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta), weka gasketi mpya. Ndipo skrubu irudishwe hadi kipepeo kifunge bila kukwama, na sensa ya throto ipangwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kufuata vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Maji ya rejeta hupita kwenye throto bodi, kwa hiyo mkimaliza toeni hewa yote iliyoingia kwenye maji hayo, la sivyo mshale utaanza kucheza upya na mtalaumu vali bure.

Bati msilitupe. Lipigeni picha likiwa bado ndani, mlitunze pamoja na mkataba na meseji za M-Pesa. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3, na kwa huyu naomba hakimu asipunguze hata siku. Kama nawe uliwekewa bilauri juu ya injini na mshale kwenye 1,200, nitumie ujumbe tuandikishe taarifa pamoja.