Kutoga sikio juu na pua: yaliyonipata Malindi na Lamu

Kwa aliye na haraka: sindano ndiyo, bunduki ya kutogea hapana, na ukishatoga uondoe mkono. Nimeyajua haya kwa uchungu na kwa pesa zangu, na naandika kwa sababu kila wiki naona wasichana wetu wakiingia pale pale nilipoingia mimi.

Masikio ya chini nilitogwa nikiwa mchanga, kama watoto wengi wa kike hapa Lamu. Aliyenitoga ni bibi yangu, kwa sindano ya kushonea na uzi uliopakwa mafuta ya nazi. Uzi ulipotolewa akanitia chelewa, kile kijiti cha ufagio wa makuti, tundu lisizibe. Bibi mwenyewe ana ndewe kubwa za majasi aliyovaa ujanani, na juu kwenye ukingo wa sikio ana matundu mengine matatu. Kwa hiyo nilikua nikiona kutoga ni jambo la siku moja: unatogwa, unavaa, yamekwisha.

Disemba 2022 nilikwenda Malindi kwenye arusi ya binamu yangu. Boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, nikafika nimejaa vumbi na furaha. Siku mbili kabla ya arusi tukaingia duka moja la vipodozi. Nilitaka tundu moja juu ya sikio la kulia, kwenye gegedu, yaani ile sehemu ngumu, isiyo laini kama ndewe ya chini. Dada wa dukani akatoa bunduki ya plastiki, akaipangusa kwa pamba yenye spiriti, akalenga, paa! Shilingi 400, hereni ikiwemo. Akaniambia niizungushe mara tatu kwa siku na kupaka spiriti asubuhi na jioni. Nilitii yote mawili kwa uaminifu, na yote mawili yalikuwa makosa.

Siku ya nne sikio lilikuwa jekundu. Siku ya kumi, nimesharudi Lamu, lilikuwa na joto ambalo nililisikia hata kwenye kiganja kabla sijaligusa, na usaha wa kijani ulitoka nyuma. Kile kibano cha nyuma hakikuonekana tena: nyama ilikuwa imevimba ikakifunika. Bibi aliponiona naizungusha hereni huku natokwa machozi alinishika mkono. “Kiwate, mwanangu,” akasema, yaani kiache. “Kidonda hakipoi kikitiwa mkono.” Nikamwambia nimeagizwa na wenye kujua. Najuta kumjibu vile.

Kliniki, daktari aliniketisha dirishani penye mwanga. Akaloweka pamba kwenye maji ya chumvi, akaishikilia pale kwa muda mrefu mpaka ukoko ukalainika, halafu akaingiza ncha ya koleo ndogo nyuma ya sikio. Ule mkwaruzo wa chuma kwa chuma niliusikia ndani ya kichwa. Kibano kilipochomoka kilikuja na utando mweupe, na usaha ukafuata kwa wingi hata yeye akatikisa kichwa. Alinieleza, bila kunigombeza, kwamba gegedu halina mishipa yake ya damu, kwa hiyo dawa hulifikia polepole, na vijidudu vikikaa humo sikio linaweza kukunjamana likabaki hivyo maisha. Nilimeza viuavijasumu mpaka vikaisha. Matibabu yalinigharimu mara saba ya bei ya kutoga. Sikio langu halikukunjamana, alhamdulillahi, lakini tundu liliziba na kikabaki kikovu kigumu kama punje ya mtama.

Baadaye nikataka kuelewa kilichotokea, na nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukasirika. Bunduki haina sindano. Inachukua hereni yenye ncha butu na kuipitisha kwa nguvu, kwa hiyo gegedu linapondwa na kupasuka badala ya kukatwa. Mwili wake wa plastiki hauwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke inayosafisha vyombo kwa joto la nyuzi 121 na zaidi, na kuipangusa kwa spiriti hakuui vijidudu vyote. Kijiti cha hereni zake ni kifupi, hakiachi nafasi ya uvimbe, ndiyo maana kibano kilizama. Chama cha watogaji wa Marekani, Association of Professional Piercers, kilichoanzishwa 1994, kinaikataa bunduki. Huku kwetu bado iko kaunta, pembeni ya wanja.

Mwaka ukapita, na hamu haikuniisha. Februari 2024, kaskazi imekaza, nikarudi Malindi kwa mtogaji mwingine, kijana mwenye chumba kidogo cha kuchora tatuu. Hapa ndipo ninapoanza kusifu.

Kabla hajagusa chochote aliuliza. Una kisukari? Unatumia dawa za kuyeyusha damu? Kwenu kuna mwenye keloidi, lile kovu linalozidi kukua? Nikamwambia mama yangu analo kifuani, lilitokana na chunusi tu. Akaweka vitu chini akaniambia wazi: “Dada, hilo linarithiwa, na sisi weusi linatupata zaidi. Naweza kukutoga, lakini ujue unajitia kwenye hatari.” Akalitazama kovu langu la zamani kwa muda, akasema halijatoka nje ya mipaka ya kidonda, ni dalili nzuri, ila haahidi. Nilitaka sikio la kushoto na pua siku moja. Akakataa. Moja lipone kwanza, kwa hiyo nikaanza na sikio. Mfanyabiashara anayekataa pesa yako kwa faida yako si wa kumwacha.

Pakiti ya sindano aliifungua mbele yangu baada ya kunionyesha tarehe yake. Glavu mpya. Akatia nukta kwa kalamu, akanipa kioo, akaifuta na kuitia tena mara mbili mpaka nikaridhika. Nikaambiwa nivute pumzi, nikaitoa, na sindano yenye tundu ikapita. Ulikuwa uchungu wa kuumwa na siafu, wa ghafla, halafu joto. Kijiti kilikuwa cha titani, unene wa milimita 1.2, kirefu kupita haja yake ili uvimbe upate nafasi, na nyuma kina kitako bapa kisichokwaruza. Titani haina nikeli ya kuwasha ngozi. Ukiulizia, taja alama ya ASTM F136, kiwango cha titani ya kuwekwa mwilini, anayeijua kazi yake atakuelewa mara moja. Nililipa shilingi 3,000.

Kasoro zake pia zipo. Maelezo ya utunzaji aliyatoa mbio mbio na hakunipa hata kikaratasi, nikalazimika kumpigia simu mara mbili. Na baada ya wiki sita hivi kijiti kirefu hubadilishwa kwa kifupi, la sivyo kinanasa na kuyumba, maana yake safari nyingine ya kwenda Malindi na kurudi. Kwa mtu wa Lamu nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea vilizidi bei ya kutoga. Angenieleza hilo kabla, ningejipanga.

Sasa kuponya, ambako ndiko kazi ilipo. Ndewe za chini hupona kwa wiki sita hadi nane. Gegedu la juu ni miezi sita hadi mwaka, na linadanganya: nje linaonekana zima wakati ndani bado bichi. Dawa yangu ilikuwa maji ya chumvi ya duka la dawa, yale ya asilimia 0.9, katika vichupa vidogo kwa sababu yakifunguliwa hayakai. Asubuhi nilikuta ukoko mweupe unaoelekea manjano umeganda kwenye shina la kijiti, kama chumvi inavyobaki kwenye kamba ya ngalawa. Huo si usaha, ni maji ya kidonda yaliyokauka. Niliulowesha, nikauacha udondoke wenyewe, nikakausha kwa karatasi laini. Sikupaka spiriti, wala manjano, wala mafuta. Sikuzungusha. Bibi alikuwa akinitazama bila kusema neno, na safari hii nilimwambia mwenyewe: nimekiwata.

Watu watakuambia ingia baharini, maji ya bahari ni dawa. Nimeambiwa hivyo na watu watano. Lita moja ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi, lita ya yale ya duka la dawa ina 9. Tena mitaro ya mji wetu inamwagika wapi? Miezi miwili nilikaa ukingoni wenzangu wakipiga mbizi, na iliniuma, lakini nilikaa.

Kulala nilipata taabu mpaka nikakumbuka kata. Nikaviringisha leso kuukuu kama kata ya kubebea ndoo, nikaiweka juu ya mto, sikio likakaa katikati bila kuguswa. Hii naipendekeza kwa kila mtu. Kwa mtandio, achana na vitambaa vya nyuzi nyuzi vinavyonasa, vaa pamba laini, na uuvue kwa kuuinua, usiuvute.

Mwezi wa tatu tangu kutoga kikatoka kinundu chekundu ubavuni mwa tundu. Usiku ule sikulala, nililiona keloidi la mama limenifuata. Nikampigia mtogaji, akaniuliza kama nimeanza kulalia upande ule. Kweli, nilikuwa nimeiacha ile kata, nikiona nimepona. Nikairudisha, na baada ya wiki tano kinundu kikatoweka. Nimejifunza kuvitenganisha: kinundu cha kusumbuliwa hukaa pale pale karibu na tundu na hushuka ukiondoa kinachokisumbua, keloidi hukua kupita mipaka ya kidonda na halirudi nyuma lenyewe. Ukiona la pili, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, usisubiri liwe kubwa.

Pua niliitoga Septemba 2024, kwa kijana yule yule, kwa sindano nyembamba zaidi, ya milimita 1. Machozi yalitoka jicho moja tu, la upande ule, bila mimi kulia. Kusi bado ilikuwa inavuma, jasho kidogo, na kwa kweli ilipoa kwa utulivu kuliko sikio. Ugumu wa pua kwetu sisi uko kwenye sala. Kutawadha hakukunisumbua: nilinawa mikono kwa sabuni kwanza, nikapandisha maji puani taratibu, nikakausha. Sijida ndiyo iliyonijaribu. Pua inagusa mswala, na siku kumi za kwanza kila nilipoinama nilijua ni lini hasa kitako cha kipini kitagusana na nyama ya ndani. Nilikunja kitambaa safi nikakitandika pale, nikashuka polepole, na nilipata kuswali hivyo hivyo mpaka maumivu yakaisha. Mafua yaliyonishika mwezi wa pili tangu kutoga ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote.

Jambo moja kuhusu vito vya fedha, kwa sababu sisi Lamu tuna masonara hodari na kila mtu anataka kuvaa kazi ya nyumbani. Fedha ni nzuri kwenye tundu lililopona. Kwenye kidonda kibichi inageuka nyeusi na inaweza kuacha doa kwenye ngozi lisilotoka. Subiri. Pia usivue kipini cha pua ukaliacha tundu tupu hata kwa saa chache mwaka wa kwanza, tundu la pua linajifunga upesi sana, na kulilazimisha ni kuanza upya.

Nilisubiri miezi kumi. Julai 2025 nilikwenda kwa sonara mmoja kwenye njia kuu, na kidani kilichokatika cha marehemu shangazi, dhahabu ya karati 18. Akapima unene wa kijiti changu, akayeyusha kipande, akavuta shina, akatia kichwa kidogo kama punje ya ufuta. Halafu akakaa akilisugua shina kwa msasa laini, akilipitisha kwenye ukucha wake wa kidole gumba, akasugua tena, mpaka ukucha haukukwaruzwa. Nilinawa mikono, nikatoa titani, nikasimama mbele ya kioo chake cha ukutani. Kipini kikaingia bila kusukumwa.