Vipimo vya pikipiki: daftari chini ya siti au simu mfukoni?

Kijiweni Buhongwa, Mwanza, ubishi huu hauishi. Vipimo vyenyewe ni vile fundi anavyouliza kila mara: oili namba ngapi, upepo kiasi gani, cheni ilegee vipi (boda nyingi ni milimita 20 hadi 30), mara ya mwisho umemwaga oili kwenye kilomita ngapi.

Kwa gharama, daftari dogo halimsumbui mtu. Simu unayo tayari, ila ikiibiwa inaondoka na kumbukumbu zote kama hukuzihifadhi mtandaoni.

Kwenye kuaminika ndiko kwenye kazi. Chaji ikikata njiani kwenda Sengerema, karatasi bado inasomeka, na fundi mwenye grisi mikononi anaishika bila wasiwasi. Lakini masika ikikukuta, daftari lisilofungwa nailoni linakuwa uji. Wino unachuruzika, ile namba ya oili, 20W-50, inabaki doa la bluu. Andika kwa penseli, maji hayaiyeyushi.

Simu inashinda kwa picha. Piga stika ya upepo kwenye kava la cheni kabla haijafutika, piga na namba ya chesesi. Tena inakukumbusha siku ya kumwaga oili, jambo ambalo daftari haliwezi.

Kama mnapokezana pikipiki ya mkataba, mchana wewe, usiku mwenzako, daftari likae na chombo, na kila mmoja aandike alichotengeneza. Mwenye pikipiki yake peke yake na simu yenye chaji ya uhakika, picha zinamtosha.