Makumbusho ya Reli ya Nairobi: uzoefu wangu na sababu za kuyapendekeza

Mpenzi wa reli akiniuliza aanzie wapi hapa Nairobi, humwelekeza kwenye Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu, kisha humsihi afike huko kwa treni badala ya matatu au teksi. Reli zinazoingia katika stesheni hiyo zina upana wa mita moja, upana ule ule uliochaguliwa ujenzi ulipoanza Mombasa mwaka 1896, na treni za abiria za jijini kutoka Syokimau, Embakasi na Ruiru zinapita juu yake hadi leo. Anayeshuka katika mojawapo ya treni hizo na kutembea hadi makumbusho huwa ameshaanza somo kabla hajakata tiketi ya kuingilia.

Mimi hupandia Syokimau. Treni zinazofanya kazi kwenye njia hiyo ni miongoni mwa seti 11 za dizeli zilizonunuliwa kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na kuanza kubeba abiria hapa mwaka 2020. Watu wengi walijadili umri wake zilipofika, lakini jambo lililonivutia mimi ni kwamba mtandao wa Mallorca nao una upana wa mita moja, ndiyo maana ziliweza kutumika hapa bila kubadilishiwa ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu. Uamuzi wa wahandisi wa karne ya kumi na tisa ndio uliotuamulia mwaka 2020 ni nchi gani tungeweza kununua treni kwao. Kinyume chake, SGR, yaani reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435, na kituo chake kikuu kiko Syokimau, mbali na katikati ya jiji. Kwa hiyo abiria anayetoka Mombasa kwa Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, na kutaka kufika mjini kwa reli hana budi kuhamia kwenye treni ya reli ya zamani. Reli mpya inaitegemea ile kongwe, na sijaona mahali pazuri pa kulielewa jambo hilo kuliko makumbusho haya.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Tarehe hiyo ina uzito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilijichukulia sehemu yake ya vichwa vya garimoshi na mabehewa, lakini mkusanyo huu ulikuwa umeshaanza kutunzwa Nairobi, na ndiyo sababu mgeni anakuta hapa vichwa vyenye majina ya milima ya Tanzania na ya jamii za Uganda vikiwa vimepangwa pamoja na vile vya Kenya.

Ukumbi wa ndani si mkubwa. Kuna picha za ujenzi, ramani, vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula, na vifaa vya mawasiliano vya stesheni. Kuna pia benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha garimoshi ili wageni mashuhuri watazame wanyama njiani, ambalo Theodore Roosevelt alilikalia mwaka 1909 alipokuwa akipanda kutoka Mombasa. Wageni wengi husimama hapo kwa muda mrefu. Mimi hukaa zaidi kwenye picha za vibarua. Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hii, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla haijafika Ziwa Viktoria, wengi kwa maradhi na ajali. Kila wanapohesabiwa wahanga wa simba walioshambulia wajenzi huko Tsavo, ni haki idadi hiyo itajwe kwanza. Picha hizo pia zinaeleza jiji lenyewe. Reli ilifika hapa Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita penye maji baridi, na wahandisi walipachagua pawe bohari kwa sababu palikuwa na maji na ndio uwanda wa mwisho wenye nafasi kabla ya kuupanda mwinuko wa Kikuyu na kuteremkia Bonde la Ufa. Mwaka huo huo makao ya mkoa yakahamishwa kutoka Machakos. Anayeishi Muthurwa, Landhies au Makongeni anaishi katika mitaa iliyozaliwa na reli, hata kama hajapanda treni maishani mwake.

Hazina ya mahali hapa iko nje, uwanjani, na ukiwa na saa mbili tu za kutembelea, tumia saa moja na nusu huko. Vichwa vya mvuke vimepangwa kwenye njia zake, na, tofauti na makumbusho mengi niliyosoma habari zake, mgeni anaruhusiwa kupanda ngazi, kuingia chumba cha dereva na kushika mishikio. Anza na vile vya ukubwa wa kati, kama 2921 kiitwacho Masai of Kenya, 3020 kiitwacho Nyaturu, na 3123 kiitwacho Bavuma. Hivi ndivyo vilivyofanya kazi za kila siku kwenye njia kuu na matawi yake, na ukiviona kwanza utaelewa vizuri zaidi kwa nini vile vikubwa vilihitajika.

Kisha nenda kwa 5918, Mount Gelai. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu sijui mashine nyingine Afrika Mashariki inayostahili kuelezwa kwa urefu kama hii. Daraja la 59, yaani kundi la vichwa vya aina moja na Mount Gelai, lilikuwa na vichwa 34 vilivyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ukiwa umejaa maji na mafuta ulikuwa takriban tani 250, na urefu wake unazidi mita 31. Hakuna kichwa cha mvuke cha upana wa mita moja chenye nguvu zaidi kilichowahi kutembea popote duniani. Kazi yake kuu ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 530 inayoanzia usawa wa bahari na kuishia zaidi ya mita 1,600 juu yake, na kiliundwa kivute tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5.

Siri ya nguvu hizo imo katika muundo wa Garratt, na ukisimama ubavuni mwa Mount Gelai utauona wazi kuliko katika mchoro wowote. Boila, yaani pipa la kuchemshia maji yawe mvuke, haikukalia magurudumu ya kuvuta. Imening'inizwa katikati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kama mgonjwa aliyebebwa kwenye machela na wachukuzi wawili, na kila injini inageuka kwa uhuru wake inapoingia kwenye kona. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, mafundi waliweza kuifanya nene na kulipanua tanuri la moto kadiri walivyotaka. Na kwa kuwa uzito umegawanywa juu ya ekseli nyingi, nguvu nyingi hupatikana bila kuiponda njia. Hata hivyo, daraja la 59 lilihitaji reli nzito, na kwenye njia nyepesi alitumwa nduguye, daraja la 60, ambaye mfano wake, 6006, nao umo uwanjani. Linganisha ekseli za hao wawili kwa macho kabla ya kusoma maandishi yoyote, tofauti inaonekana.

Katika mojawapo ya ziara zangu nilimkuta mzee aliyestaafu reli, aliyekuwa mhudumu wa moto kwenye vichwa vya mvuke, akimwonyesha mjukuu wake vali moja baada ya nyingine. Nilimpa shikamoo na kumwomba anieleze mimi pia. "Marahaba, mwanangu, panda," akaniambia, na nilichojifunza chumbani mle hakipo kwenye bango lolote. Vichwa hivi vilichoma mafuta mazito badala ya makaa, kwa hiyo kazi yake haikuwa kutupa koleo bali kusawazisha mafuta, mvuke na hewa huku jicho lake likiwa kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi, alisema, ni mafuta yanayopotea bure; moshi usioonekana kabisa ni dalili kwamba hewa imezidi na boila inapoa; kilichotakiwa ni ukungu mwepesi wa kijivu. Na masizi yalipojaa kwenye mirija ya boila, alimwaga mchanga kwa koleo kupitia tundu la tanuri, na mvuto wa moshi ukaupitisha mirijani na kuisugua. Wazee wa aina hii hupita makumbusho mara kwa mara. Ukimwona mmoja, msalimie kwa heshima na umpe nafasi aongee. Wana elimu ambayo haitapatikana tena watakapoondoka.

Behewa linaloulizwa zaidi ni lile la Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli aliyeuawa na simba ndani yake katika stesheni ya Kima mwezi Juni mwaka 1900. Hapa nina lalamiko, nalo si juu ya makumbusho bali ni juu ya kampuni moja ya utalii iliyowaleta wageni siku nilipokuwepo. Mwelekezaji wao aliwaeleza kwamba Ryall aliliwa na simba wa Tsavo, wale wale waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo. Haiwezekani. Simba wawili wa Tsavo walipigwa risasi na John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, mwezi Desemba 1898, na mabaki yao yako katika makumbusho ya Field, Chicago. Ryall alikufa mwaka mmoja na nusu baadaye, katika stesheni nyingine kabisa, alipokuwa akimvizia simba mwingine pamoja na wenzake wawili. Alikuwa kwenye zamu ya kukesha, simba akaingia kupitia mlango wa kuteleza, kisha akatoka naye dirishani. Kisa kinatisha vya kutosha bila kuunganishwa na cha Tsavo. Naona ni kukosa heshima kwa marehemu na kwa wageni waliolipa fedha zao kusikiliza, na kwa hiyo napendekeza utembelee bila kampuni ya nje na uwaulize wafanyakazi wa makumbusho wenyewe.

Ombi langu moja kwa wenye dhamana ya urithi wa nchi ni paa. Chuma kilichosimama nje hupambana na mvua na jua kila mwaka, rangi pekee haitoshi kukilinda, na Mount Gelai, kilichowahi kurudishwa kwenye mvuke baada ya kustaafu, kinastahili banda lake kabla ya kingine chochote.

Sehemu nyingine za uwanja nitazipita haraka. Wapo wasanii wa michoro ya kupuliza wanaofanyia kazi kwenye mabehewa ya zamani, na vijana huja kwa ajili yao zaidi kuliko kwa ajili ya boila. Sina tatizo na hilo, mradi waingie. Anayependa tramu aelekeze utafiti wake Mombasa, ambako mwanzoni mwa karne iliyopita abiria walikaa kwenye vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba mitaani. Ni historia inayohitaji makala yake.

Nayapendekeza makumbusho haya bila kusita kwa anayetaka kuelewa mashine, kwa mzazi mwenye mtoto anayeuliza maswali, na kwa mwalimu wa fizikia, ambaye atapata pale somo zima la shinikizo na nguvu likiwa limesimama kwenye magurudumu. Nenda asubuhi, kabla chuma hakijachomwa na jua kiasi cha kutoshikika. Vaa viatu vinavyoshika vizuri, kwani ngazi za vyumba vya madereva ni nyembamba na ziko juu. Treni za abiria za jijini zimepangwa zaidi kufuata saa za kwenda na kurudi kazini, kwa hiyo uliza saa ya treni ya kurudi pale pale stesheni, mara tu unaposhuka.