Maiki ya utepe: kaipuliza yeye, lawama kanipa mimi

Kwanza nieleweke: maiki yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kijana wa duka moja la vifaa vya muziki Kariakoo. Mpaka leo nikipita mtaa ule navuka upande wa pili, nisije nikamtolea maneno mbele za watu.

Nilitaka maiki ya utepe, ile inayonasa sauti kwa utepe mwembamba wa chuma ndani yake, kwa ajili ya tarumbeta na fidla. Hizi maiki za kondensa tulizozizoea studio za mitaani zinaifanya tarumbeta ichome masikio, utepe unailainisha. Kazi ikawa kuchagua: ile ya kawaida isiyotumia umeme, au ile yenye ampu ndogo ndani, inayotaka fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake? Nikaagiza isiyotumia umeme, nikatanguliza nusu ya pesa. Mzigo ulipofika nikaitwa.

Jamaa akaifungua mbele yangu, akaichomeka kwenye miksa, akaisogeza mdomoni. "Fuu! Fuu! Halo, moja mbili!" Utadhani MC wa kichen pati.

Nusura nimnyang'anye. Huo utepe wa ndani ni kipande cha alumini cha mikroni chache tu, kimening'inia katikati ya sumaku. Pumzi ya mtu inatosha kukivuta kikalegea. Nikamwambia, "Kaka, hiyo haipulizwi!" Akanijibu, "Bosi wangu, isipopulizwa utajuaje kama ni nzima?" Wenzake wakacheka. Nikaomba nyingine. Hakuna, imekuja hiyo hiyo moja.

Studio nikaiweka mbele ya fidla. Sauti ikatoka imezibwa, chini inavimba, juu hamna kitu. Nikairudisha dukani na jibu nililopewa ni hili: "Umeipiga fantomu wewe. Ungechukua ya umeme yasingekukuta."

Hapo ndipo nilipowaka. Ndiyo, fantomu inaweza kuharibu maiki isiyotumia umeme, hasa waya ukiwa umeungwa vibaya. Waya wangu mzima, na kitufe cha fantomu kilikuwa kimezimwa. Halafu hiyo "ya umeme" nayo si ina utepe? Chukua maiki za R-121 na R-122 za kampuni ya Royer: ya kwanza haitumii umeme, ya pili inatumia, utepe ni wa aina moja. Ampu inakukinga na ajali ya fantomu, haikukingi na mdomo wa muuza duka.

Tukavutana weee, mwisho wakakubali kunibadilishia kwa yenye umeme. Kwa nyongeza. Nyongeza! Nikatoa, maana mteja wangu alishachoka kusubiri.

Sasa, ipi ununue? Kama una saundi kadi (kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya bei ya chini kama yangu, chukua yenye umeme. Fidla ni chombo cha upole. Isiyotumia umeme itakulazimisha ufungue geini, yaani kitufe cha kukuza sauti, mpaka desibeli 60 na zaidi, na kadi hizi zikifika huko zinaanza kuvuma kama nyuki. Tena impidansi (ukinzani wa umeme) ya priampu, ile ampu ya kwanza inayopokea maiki, ikiwa ndogo, isiyotumia umeme inapoteza utamu. Yenye ampu haina habari. Nyota nne, bila ubishi.

Ila ubishi upo. Tarumbeta inajitosheleza kwa kelele, ampu ya nini? Kwa tarumbeta ningetaka ile ile niliyoagiza, ikiwa nzima. Na fidla ningeitafutia kisanduku cha kuongeza nguvu, mfano Cloudlifter, kinachokula fantomu chenyewe bila kuipeleka kwenye maiki. Huenda hata hiyo nyongeza waliyonikamua ingebaki chenji. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona nilisukumiwa kitu nisichokiomba.

Ya umeme au isiyo ya umeme, feni zima. Kwa joto hili la Dar najua ninachokuambia, mpiga fidla wangu alirekodi jasho likimtiririka, lakini upepo ni upepo. Afadhali moja: maiki hizi zinasikia mbele na nyuma, ubavuni hazisikii. Ubavu nikauelekeza dirishani, bodaboda zikapungua kabisa.

Basi nyota tatu, na ni za maiki. Duka sina cha kuwapa, na risiti ya ile nyongeza hawajaniandikia hadi leo.