Mamiya Six: kamera ya kukunja inayosogeza filamu, si lenzi

Ya kwanza niliinunua mtandaoni, ikaja bila kibati cha kubana filamu. Sikujua kwamba kibati hicho huchomolewa kila unapopachika filamu, na muuzaji hakusema kitu. Filamu ikalegea ndani, picha zote 12 zikatoka na ukungu. Iliniuma, maana filamu ya saizi 120 na gharama ya kuisafisha si pesa ndogo kwa mwanafunzi. Hii ninayoizungumzia ni ya pili, niliichagua mwenyewe kwenye duka la kamera za mitumba Shinjuku, hapa Tokyo ninakosoma. Miezi saba sasa, na siiuzi.

Mamiya ilianzishwa Tokyo mwaka 1940 na watu wawili: Seiichi Mamiya mwenye ubunifu na Tsunejiro Sugawara mwenye mtaji. Six ndiyo kamera yao ya kwanza. Yangu ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ina lenzi ya Zuiko ya milimita 75 iliyotengenezwa na Olympus, na hupiga picha za mraba, sentimita 6 kwa 6. Ukiifunga inaingia kwenye mfuko wa koti.

Ila kilichonifanya niitafute ni jinsi inavyoweka fokasi. Kamera nyingi za kukunja husogeza lenzi, na zile za bei nafuu huzungusha kioo cha mbele peke yake, ndiyo maana sura ya mtu aliye karibu hutoka bila ukali wa kutosha. Ukitaka kuunganisha lenzi na kipima umbali (unachungulia humo, na taswira mbili zikikutana ujue fokasi imekaa sawa), inabidi vyuma vipite kwenye mlango unaofunguka na kufungwa kila siku. Vikilegea, kipimo hudanganya. Mamiya wakaiacha lenzi itulie ilipo, wakasogeza filamu. Nyuma, pale kidole gumba kinapotua chenyewe, kuna gurudumu dogo. Ukilizungusha, fremu iliyobeba filamu inakwenda mbele na nyuma ndani ya mwili wa kamera, na kipima umbali kiko papo hapo juu yake. Kutoka upeo wa macho hadi mtu aliye mita moja mbele yako, filamu husafiri milimita 6 hivi tu. Mimi nachungulia, kidole kinazungusha, taswira mbili zinakutana, nabonyeza. Mkono wa kushoto haujaondoka kwenye kamera.

Jumapili moja nilikuwa Yanaka, mtaa wa zamani uliobaki na maduka madogo na mahekalu. Mzee anayechoma senbei, vile vikaki vya mchele, alikubali nimpige picha akiwa kazini. Nilisogea hadi karibu mita moja, nikafungua tundu la lenzi hadi upana wake wa mwisho, f/3.5. Filamu iliposafishwa nilihesabu kope zake. Moshi nyuma yake umeyeyuka taratibu, bila fujo. Nimetumia kamera za bei mara tano ya hii na sijapata sura ya mtu iliyonigusa namna ile.

Kibati chenyewe kinachomoka kwa sababu hiyo hiyo ya fokasi: kwenye kamera nyingine hukaa mlangoni na spring zake, lakini hapa lazima kiifuate filamu inaposogea. Kwa hiyo unapachika filamu, unateleza kibati, ndipo unafunga mlango. Wenye haraka hukiweka mezani wakakisahau, na leo kukipata peke yake ni shida kubwa.

Ukienda kununua, fungua mlango wa nyuma kwanza, kabla hata hujauliza bei. Kisha ingia gizani na tochi, umulike ndani ya lile kunjo jeusi linalokunjuka kama mvukuto wa mhunzi. Kila nukta ya mwanga kwenye kona ni tundu. Yangu ilikuwa nayo mawili, fundi akayaziba. Taswira ya kipima umbali nayo ilikuwa imefifia, na jioni bado inanisumbua. Zungusha lile gurudumu la nyuma mara kadhaa: likiwa zito, grisi imekauka, na hiyo ni kazi ya kuifungua kamera yote.


Nililipa yeni 18,000, kibati kikiwa ndani.