Cessna 172S kama ndege ya mafunzo: inafundisha vizuri, inasamehe mno

Anayesomea leseni ya rubani wa biashara humaliza saa nyingi kwenye ndege ya injini moja, na mara nyingi ndege hiyo ni Cessna 172. Toleo la S lina injini ya Lycoming IO-360 yenye nguvu za farasi 180, mabawa ya juu na magurudumu yasiyokunjwa. Kwa kujifunzia ni vigumu kuishinda. Kasoro yake ni upole: inakuvumilia ukizembea, halafu inakuadhibu wakati wa kutua.

Tuanzie chini. Kuna sehemu 13 za kutolea sampuli ya mafuta: tano kila bawa, tatu chini ya pua. Inachosha, ila usiruke hata moja. Avgas 100LL, petroli ya ndege hii, ni ya buluu na maji huzama chini yake, hivyo tone lisilo na rangi huonekana kirahisi. Hatari ni kichupa kilichojaa maji matupu: hakina mstari wa kutenganisha, na mwenye haraka hudhani ni mafuta safi. Kiinue mbele ya kitu cheupe, kisha unuse.

Kuwasha injini ya moto ndipo wengi wanapoaibika. Joto huchemsha mafuta ndani ya mabomba, na mwanafunzi akizidisha kuwasha pampu ya mafuta anaifurisha injini. Ikiwa bado ya moto, acha kuipa mafuta ya awali: kidhibiti cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kikiwa kimefungwa, fungua kidogo kidhibiti cha nguvu, zungusha stata, na injini ikishika sukuma mchanganyiko taratibu. Stata isizidi sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishe sekunde 20. Ikishindikana mara tatu, iache ipoe dakika 10. Kwenye jaribio la magneto (vifaa viwili vinavyozalisha cheche za injini), kwa mizunguko 1,800 kwa dakika, kila upande usishuke zaidi ya mizunguko 150 wala tofauti yao isipite 50.

Viti vinne visikudanganye. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 1,157. Ndege ikiwa na kilo 760 tupu na matangi yamejaa (lita 200, takriban kilo 144), zinabaki kilo 253. Watu wazima watatu na begi dogo, basi.

Kutua kwa flapu zote (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili kuruka polepole) ni noti 60 hadi 70, yaani maili za baharini kwa saa. Ukija na 75 ndege inaelea, inakataa kukaa. Ukiisukuma pua kwa nguvu, gurudumu la mbele linapiga kwanza, ndege inaruka, inapiga tena kwa nguvu zaidi. Huko ndiko ncha za propela hugonga ardhi na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani hupinda. Ikidunda, usipigane nayo: nguvu zote, flapu digrii 20, panda kwa noti 60. Na mguu wa kulia ufanye kazi, maana hapo ndipo pua hukimbilia kushoto.

Isichofundisha ni propela ya kubadili pembe na kukunja magurudumu. Nchini Marekani, tangu 2018, zile saa 10 za mafunzo ya leseni ya biashara kwenye ndege changamano (yenye propela hiyo na magurudumu ya kukunja) zinaweza kufanywa kwenye 172S yenye skrini za kidijitali za G1000 na otopailoti (kifaa cha kuiongoza ndege chenyewe) ya mihimili miwili. Inapunguza gharama, lakini panga masomo ya propela hiyo mapema, kabla ya injini mbili, kwa sababu huko utakutana na levya sita kwa mpigo, tatu kwa kila injini.